Mlinzi wa usiku aligeuka mwewe

Katika mchezo wa kriketi kuna mtu anayeitwa mlinzi wa usiku. Si yule wa langoni mwenye rungu na tochi. Ni mchezaji asiyejua sana kupiga ambaye hutumwa uwanjani jioni, mwanga ukianza kupungua, ili wapigaji hodari wa timu wasije wakapotezwa katika dakika za mwisho za siku. Kazi yake ni moja tu: asitolewe. Asitafute chochote, asijaribu lolote, aukinge mpira kwa gongo lake hadi waamuzi waseme imetosha, kila mtu aende kulala. Mwaka 2022 timu ya taifa ya Uingereza ilimbuni mwingine ikamwita mwewe wa usiku. Mchezaji ni yuleyule, saa ni ileile, udhaifu wake wa kupiga haujabadilika. Lakini sasa anatumwa akapige kila mpira kwa nguvu zake zote, na akitolewa hakuna atakayemlaumu.

Mengi yamesemwa kuhusu timu hiyo, jinsi ilivyokuwa inapigwa kila mahali kisha ikafufuka ghafla kwa mchezo wa kushambulia na kuwapa mashabiki wake raha ambayo hawakuwa nayo kwa miaka. Wachambuzi wa michezo wameihesabu raha hiyo kwa takwimu. Mimi naona kwamba kazi hiyo ilikuwa yetu pia, sisi tunaosoma lugha. Ufufuko ule ulipita kwenye msamiati kabla ya kufika kwenye gongo, na mashabiki waliufurahia kwa sababu waliusikia pia, si kwa kuuona tu.

Wenzangu wa kitivo watauliza kriketi inatuhusu nini hapa Lubumbashi, ambako mpira ni ule wa miguu na ekipi ni Mazembe au Lupopo. Inatuhusu kidogo kuliko majirani zetu, ni kweli. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Uganda ilicheza Kombe la Dunia la mechi fupi mwaka 2024 na ikaifunga Papua New Guinea. Rwanda wana uwanja wao wa kriketi pale Gahanga, Kigali. Kwa hiyo Kiswahili kina maneno ya mchezo huu, na watangazaji wa Afrika Mashariki wameyazoea: mikimbio, wiketi, ova. Nitayatumia hayo. Neno moja nitalikataa. Mechi ndefu za kimataifa huitwa Testi, na nimeona mahali pengine zikitafsiriwa kuwa mechi za majaribio. Msomaji wa tafsiri hiyo atadhani ni michezo ya kirafiki ya kujipima kabla ya msimu, kumbe ndiyo yenye heshima kuliko yote. Nasema Testi.

Testi huchukua hadi siku 5. Kila upande una watu 11. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji huulinda mti wake wa vijiti vitatu kwa gongo, na akipiga vizuri hukimbia kuvuka hadi upande wa pili; kila kuvuka ni mkimbio mmoja. Mpigaji akitolewa, wiketi imeanguka. Zikianguka 10, zamu ya timu imekwisha, na kila timu hupata zamu mbili. Mpaka hapo ni hesabu ya kawaida. Utamu na uchungu wa mchezo uko katika kanuni hii: ili ushinde, haitoshi kuwa na mikimbio mingi kuliko mwenzako. Lazima pia uwe umewatoa wapigaji wake katika zamu zote mbili kabla muda haujaisha. Muda ukiisha kabla ya hapo, ni sare, hata kama umempita kwa mikimbio 400.

Maana yake ni kwamba timu inaweza kuamua kutofanya kitu. Inaweza kusimama siku nzima ikikinga, bila kutafuta ushindi, na jioni ikarudi nyumbani haikufungwa. Katika kriketi hilo si aibu. Ni ustadi unaoheshimiwa, na kuna sare zinazosimuliwa kwa wajukuu. Lakini ustadi huo una sumu yake. Timu iliyozoea kuogopa huanza kuitafuta sare tangu asubuhi ya siku ya kwanza, na kwa kuwa haikuja kushinda, mara nyingi haipati hata sare yenyewe.

Hapo ndipo Uingereza walipokuwa. Hadi majira ya joto ya 2022 walikuwa wameshinda Testi moja tu katika 17. Walikwenda Australia wakapoteza mechi 4 kati ya 5, wakaenda visiwa vya Karibi wakafungwa tena, na mwezi wa Aprili nahodha Joe Root akajiuzulu, ingawa yeye binafsi alikuwa miongoni mwa wapigaji bora duniani. Unahodha akapewa Ben Stokes. Ukocha akapewa Brendon McCullum wa New Zealand, aliyefahamika kwa kupiga bila kuhofu: katika Testi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, mwaka 2016, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 54, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa haraka zaidi katika Testi.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini acha niyapange, kwani mpangilio wake una maana. Mechi ya kwanza, Lord's, dhidi ya New Zealand: walihitaji mikimbio 277 katika zamu ya mwisho, wakaipata. Ya pili, Trent Bridge: 299. Ya tatu, Headingley: 296. Kisha ikaja India pale Edgbaston, na hesabu ikawa 378, ambayo Uingereza haikuwahi kuifikia katika zamu ya mwisho tangu ianze kucheza Testi. Waliifikia wakiwa wamepoteza wiketi 3 tu. Mikimbio ya zamu ya mwisho ndiyo migumu kuliko yote, kwa sababu ardhi imeshachimbika, mpira unaruka ovyo, na kila mtu anajua kinachotakiwa. Timu hii ilifanya hivyo mara nne mfululizo.

Ya Trent Bridge ndiyo ninayotaka tuitazame. New Zealand walikuwa wamepiga mikimbio 553 katika zamu yao ya kwanza. Timu inayofunguliwa mechi kwa namba kama hiyo kwa kawaida huanza kufikiria namna ya kuokoka. Uingereza wakajibu kwa 539. Ikafika siku ya tano, na kwa kuwa siku ya tano mara nyingi huwa nusu siku isiyo na watu, wenye uwanja wakafungua milango bure. Waliingia watu ambao kwa kawaida hawaingii, kwa sababu tiketi za Testi huko Uingereza ni ghali: watoto, wazee, vijana ambao labda hawakuwahi kuona hata ova moja. Walihitajika mikimbio 299 kwa ova 72. Kocha yeyote wa zamani angesema: lindeni wiketi, tuone baada ya chai kama kuna nafasi. Baada ya chai Jonny Bairstow alianza kuitupa mipira jukwaani. Alifikisha 100 kwa mipira 77, mpira mmoja tu zaidi ya rekodi ya Uingereza ambayo Gilbert Jessop aliiweka mwaka 1902. Ova 72 hazikuhitajika. Zilitumika 50.

Wale walioingia bure walifurahia nini? Ushindi, wengi watajibu. Mimi sikubali, na sababu zangu zinatoka katika mechi ambazo timu hiyohiyo ilifungwa.

Februari 2023, Wellington. Uingereza walikuwa mbele kwa mikimbio mingi kiasi cha kuwalazimisha New Zealand wapige zamu yao ya pili palepale bila kupumzika. New Zealand wakafufuka, mechi ikageuka, na Uingereza wakapoteza kwa mkimbio mmoja. Katika historia yote ya Testi jambo hilo lilikuwa limetokea mara moja tu kabla ya siku hiyo. Kabla ya 2022, kipigo cha namna hiyo kingeandikiwa tanzia. Safari hii kilipokelewa kama zawadi: watu walishukuru kuiona mechi ile. Miezi minne baadaye, Edgbaston, katika mechi ya kwanza dhidi ya Australia, Stokes aliifunga zamu ya timu yake jioni ya siku ya kwanza wakiwa na 393, huku Root akiwa bado anapiga na ana zaidi ya 100 mkononi. Hakuna nahodha wa kawaida anayefanya hivyo. Walifungwa kwa wiketi 2 katika saa ya mwisho ya siku ya tano. Ubishi ulikuwa mkubwa, ndiyo. Lakini hata waliomlaumu Stokes walikuwa wamekaa kwenye viti vyao hadi mpira wa mwisho.

Kwa hiyo walichofurahia mashabiki ni kitu kingine. Nadhani ni hiki: walirudishiwa hali ya kutojua mwisho. Timu inayocheza kwa kuogopa hukuambia mwisho wake asubuhi, nawe unabaki kuhesabu saa. Na kutojua huko hakukuja kwa bahati. Kulitangazwa. Stokes alisema hadharani kwamba sare haimvutii, kisha akafanya kama alivyosema. Desemba 2022 huko Rawalpindi, kwenye ardhi iliyokuwa ngumu na bapa kama lami, ambako sare ilikuwa karibu na uhakika, Uingereza walipiga mikimbio 506 katika siku ya kwanza peke yake, jambo ambalo halijawahi kufanywa na timu yoyote siku ya kwanza ya Testi. Siku ya nne Stokes akafunga zamu mapema, akawaachia Pakistan shabaha ya 343 na muda wa kutosha kuifikia. Alikubali kufungwa ili asipate sare. Walishinda kwa mikimbio 74, jua likizama, wachezaji wote wakiwa wamemzunguka mpigaji wa mwisho.

Sasa turudi kwenye maneno, kwa sababu hapo ndipo sisi tuna la kusema kuliko mchambuzi wa redio.

Mtindo huu ulipata jina: Bazball. Baz ni jina la utani la McCullum. Kipande cha pili ni mpira. Jina lilibuniwa na mwandishi wa habari za kriketi, Andrew Miller, wala si na timu. McCullum mwenyewe halipendi na amesema mara kadhaa kwamba hajui lina maana gani. Mwaka 2023 kamusi ya Collins ililiweka katika orodha yake ya maneno ya mwaka, na mpigaji wa Australia, Marnus Labuschagne, alipoulizwa alisema ni upuuzi mtupu. Tazameni hali hiyo: mwenye jina analikataa, mpinzani analidharau, kamusi inalipokea, na jukwaani halikuomba ruhusa ya yeyote. Tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba maana ya neno iko mikononi mwa wanaolitumia. Ni vigumu kupata mfano mwepesi kuliko huu, na bado mifano yetu darasani hutoka katika vitabu vya miaka 50 iliyopita.

Kimofolojia, neno hili ni nomino ambatani, na unomino wake umelipa maisha ya ajabu. Nomino hutaja kitu. Kitu kina mwanzo, kina mwenye nacho, kinaweza kuuzwa kwenye fulana, na kinaweza kufa. Ndiyo maana kila Uingereza wanapofungwa kuna anayeandika kwamba Bazball imekufa, na kila wanaposhinda kuna anayeandika kwamba imefufuka. Imezikwa mara ngapi? Walipofungwa India 4–1 mwanzoni mwa 2024 iliandaliwa mazishi makubwa. Oktoba ya mwaka huohuo, Multan, wakapiga 823 katika zamu moja, Harry Brook akiwa na 317 peke yake, na marehemu akaonekana akitembea. Kisha wakapoteza mechi mbili zilizofuata palepale Pakistan, na sanda ikatolewa tena.

Kiswahili kingelifanya jambo hili kwa njia tofauti. Tuna kiambishi ki- cha namna: kucheza kitoto, kuvaa kizungu, kupika kinyumbani. Tungesema wanacheza kibaz. Kielezi hiki kisingekuwa kitu cha kumilikiwa wala kuzikwa. Kingekuwa swali la kila siku: je, leo wamecheza kibaz au hawakucheza? Jana ndiyo, leo hapana, kesho tutaona. Naamini ubishi mwingi wa wachambuzi wa Uingereza ulitokana na nomino yao, kwani waligombana kama kitu fulani kipo au hakipo, wakati lililokuwa mbele yao ni namna ya kutenda, ambayo mtu huifanya au huiacha kwa kila mpira. Sisemi kwamba sarufi huwafunga watu kufikiri. Dai hilo tumeshalichambua hapa kitivoni hadi limechakaa. Nasema tu kwamba umbo la neno huchagua aina ya ugomvi mtakaogombana.

Mwewe wa usiku naye ana mambo yake. Neno la Kiingereza lililotumika ni jina la ndege ambaye kwa kweli si mwewe. Ni wa ukoo wa kirukanjia, ndege mpole wa kula wadudu, anayelala chini ukimkanyaga bila kumwona. Hakuna aliyejali. Jukwaani ilisikika sauti ya mwewe, makucha na mdomo uliopinda, na hiyo ilitosha. Nimetafsiri mwewe kwa makusudi, kwa sababu ndicho walichokisikia mashabiki. Wa kwanza kupewa cheo hicho alikuwa Stuart Broad, mrushaji aliyetoa wapigaji zaidi ya 500 katika maisha yake na ambaye upigaji wake ulikuwa burudani ya wapinzani. Alipotumwa hatimaye, jioni moja ya Februari 2023 huko Mount Maunganui, alirusha gongo kama mtu anayefukuza nyuki. Mpira mmoja ulipaa juu sana, wachezaji wawili wa New Zealand wakautazama, kila mmoja akimwachia mwenzake, ukaanguka katikati yao. Uwanja mzima ulicheka. Broad alipata mikimbio michache tu, asubuhi yake akatoka. Kwa hesabu, mwewe hakuipa timu faida yoyote. Lakini dakika ambazo kwa desturi huwa za kuchosha kuliko zote katika kriketi, watu walikuwa wamesimama.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita. Mtu atasema maneno hayapigi mipira. Uingereza walipata nafuu kwa sababu warushaji wao wakongwe, James Anderson na Broad huyohuyo, walirudishwa kikosini baada ya kuachwa katika ziara ya Karibi. Kwa sababu Bairstow alikuwa katika kilele cha umri wake. Kwa sababu New Zealand walikuwa na majeruhi. Yote hayo yana uzito. Pia ni kweli kwamba msamiati mpya ulianza kuwa ngao. Ilifika mahali mchezaji akitolewa kwa kupiga mpira ambao mtoto angeuacha upite, jibu likawa kwamba hivyo ndivyo tunavyocheza, na aliyeuliza akaonekana mwoga. Neno lililofungua mlango likageuka kuwa mlinzi wa mlango. Hilo lilitokea India, na mashabiki walioshangilia 2022 walikuwa wa kwanza kulalamika. Walikuwa na haki.

Hata hivyo, pingamizi hilo halielezi mabadiliko ya Juni 2022. Root ni yuleyule aliyekuwa akifungwa. Bairstow ni yuleyule. Stokes alikuwemo Australia. Jack Leach, ambaye kazi yake ni kuuzungusha mpira polepole, ni yuleyule aliyekuwa akifichwa pembeni kila alipopigwa. Watu hawakubadilika sana. Kilichobadilika ni maana ya neno kosa. Zamani mpigaji akitolewa akishambulia, hilo lilikuwa kosa. Akitolewa akikinga, ilikuwa bahati mbaya. Stokes na McCullum waligeuza. Kujaribu na kutolewa hakukuitwa kosa tena, na kukaa bila kujaribu ndiko kulikohitaji maelezo. Kanuni za mchezo hazikuguswa hata moja. Wiketi bado ni 10, siku bado ni 5. Kilichohamishwa ni mpaka wa aibu tu.

Na hapa nataka kuzungumza na walimu wetu, kwa heshima zote, kwa sababu mpaka wa aibu ndio tunaoishi nao katika vyumba vyetu vya masomo. Tuko katika mji ambao kila mtu anasema Kiswahili, sokoni, katika teksi, kanisani, nyumbani. Ukivuka lango la chuo, Kiswahili hicho kinapata majina mengine: kibovu, cha mtaani, cha kuchanganya. Mwanafunzi akisema darasani niko nasoma badala ya ninasoma, anasahihishwa kabla ya sentensi yake kufika mwisho. Akisema batu au bilato, watu wanacheka. Matokeo yake tunayajua sote. Katika somo la Kiswahili, wanafunzi waliozaliwa katika Kiswahili hunyamaza, na akiulizwa swali, mtu hujibu kwa maneno matatu aliyo na uhakika nayo, kisha anakaa. Anakinga. Anatafuta sare. Wenzetu wasio na Kiswahili cha nyumbani, waliokijifunza kitabuni, mara nyingi huongea zaidi yetu, kwa sababu wao hawana cha kuonewa aibu.

Simwombi mwalimu yeyote aache Kiswahili sanifu. Bila hicho, makala hii haisomeki Kigoma wala Mombasa, nami nataka isomeke huko. Uingereza nao hawakuacha kuhesabu mikimbio. Ninachouliza ni nani anayestahili kueleza zaidi mwishoni mwa somo: aliyesema sentensi ndefu yenye niko nasoma ndani yake, au aliyekaa saa mbili bila kufungua mdomo? Kwa desturi yetu, wa kwanza ndiye mwenye kosa na wa pili ana alama zake salama. Desturi hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote ya chuo. Iko katika maneno tunayoyatumia kuitana, na yanaweza kubadilishwa wiki moja, kama McCullum alivyobadilisha yake bila kusubiri bodi iketi.

Kuna jambo la pili, dogo zaidi. Mwanafunzi anayetaka kuandika kazi yake ya mwisho kuhusu lugha ya mashabiki huambiwa mara nyingi kwamba mada si ya kitaaluma, atafute methali au majina ya mahali. Methali ni nzuri. Lakini mtu aliyekaa upande wa wasuporta pale kwenye uwanja wa Mazembe, Kamalondo, anajua kwamba kwa dakika 90 maneno huzaliwa kuliko mahali pengine popote mjini, Kiswahili kikipokea Kifaransa, Kiluba na Kibemba katika pumzi moja, na mengi yanakufa kabla ya filimbi ya mwisho kwa kukosa mtu mwenye daftari. Bazball liliokoka kwa sababu mtu mmoja alilisema mbele ya kinasa sauti. Yetu hayana kinasa sauti. Ningependa kitivo kikubali, kuanzia mwaka huu wa masomo, angalau kazi mbili au tatu za kukusanya msamiati huo, kwa kurekodi uwanjani na kuandika neno pamoja na tendo lililolizaa: nani alipiga mpira vipi, nani alipiga kelele gani, na wiki iliyofuata nani aliyarudia. Kwa kuanzia, tunaweza kuuliza swali rahisi kwa mashabiki wa pande zote mbili, Mazembe na Lupopo: ekipi yenu ikicheza kwa kuogopa, mnasemaje? Mimi nimeshahesabu majibu saba, na matatu kati yake hayawezi kuchapishwa katika jarida hili.